Viatu vya Bluzi

Kosa ni langu, na nalisema mapema ili nisionekane najificha nyuma ya maneno: mimi ndiye niliyevigawa viatu vya papa.

Kazi yangu hapa Brussels ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Nawaogesha, nawapikia, nawapa vidonge kwa saa zake, na zaidi ya yote nawazuia wasianguke. Sina mzaha na sakafu. Nikiingia kwa mtu, kabla hata salamu haijaisha nimeshakunja zulia lake na kulisimamisha nyuma ya mlango. Wenzangu kazini wananicheka kwa hilo, nami nawaambia wacheke, wazee wangu wote wana nyonga zao walizozaliwa nazo.

Papa, mmoja wa wazee wangu, anakaa Koekelberg, ghorofa ya nne, nyuma ya basilika. Ana miaka sabini na minne, ametoka Lubumbashi, na anapiga gitaa la bluzi, muziki wa Wamarekani weusi. Alijifunza shuleni kutoka kwa padri mmoja Mbelgiji aliyekuwa na santuri za bluzi na harmonika mfukoni mwa kanzu. Padri huyo naye amestaafu, amerudi kwao, sasa ana miaka karibu tisini na masikio mabovu, na kila Alhamisi hupanda lifti na harmonika yake wakapiga wawili. Papa humwita mon père, yaani baba padri, na mimi nikafuata. Siku ya kwanza kuwasikia nilidhani wanaomboleza mtu. Nikauliza amekufa nani. Walicheka hadi mon père akalazimika kukaa.

Kwa miaka arobaini papa alipiga nyuma ya watu wengine, kwenye baa za Ixelles na kwenye albamu ambazo jina lake halikuandikwa, au liliandikwa kwa herufi za kutafuta kwa miwani. Albamu yake mwenyewe hakuwa nayo. Hakuwa akilalamika, ila kulikuwa na nafasi tupu kwenye rafu ya santuri, mwanzoni kabisa, na nilipoiwekea chombo cha maua alikiondoa.

Basi, majira ya baridi papa aliteleza jikoni. Alikuwa na jozi moja ya viatu: vyeusi, vya ngozi, soli ngumu kavu, visigino vimepigiliwa vyuma. Alishika mlango wa friji, wakashuka wote pamoja na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao. Hakuumia hata kucha. Aliyeumia ni mimi, rohoni. Jumapili iliyofuata nilikwenda soko la Gare du Midi, nikamnunulia viatu vya ndani vya sufu, laini, soli ya mpira inayoshika sakafu. Vile vyeusi nikamwachia muuza mitumba, nikarudi nyumbani najipongeza. Papa alivivaa vipya na kusema, "Merci, maman," akatembea toka jikoni hadi dirishani bila mlio wowote. Nilifurahi sana na ule ukimya.

Kisha ukaja mkono. Vidole viwili vya kushoto, vile vya kubana nyuzi, vilianza kujikunja kuelekea kiganjani. Daktari akapanga kuvipasua Jumatatu, na hakumficha: baada ya hapo vinaweza kunyooka, au vinaweza kukauka kabisa, hakuna anayejua. Papa alirudi nyumbani akakaa mbele ya rafu. Halafu akampigia simu binti yake, mwanamke mtu mzima, fundi wa sauti katika jumba la maigizo. Akamwambia albamu irekodiwe Jumapili, siku moja kabla ya kisu. Ilikuwa Jumapili hiyo au basi.

Asubuhi ya Jumapili sebule ilijaa nyaya. Binti alitundika mablanketi madirishani kwa sababu ya kengele za basilika, akaweka kipande cha ubao chini ya miguu ya baba yake, jinsi mzee alivyozoea kupiga siku zote, na maikrofoni nne kila mahali. Mimi sikuwa na kazi siku hiyo lakini nilikwenda, nimevaa kitenge cha sherehe. Nilipika, nikanyamazisha friji, nikazuia hata birika lisichemke. Sote tulikuwa tunautazama mkono. Ukigusa uzi wa gitaa, tunashusha pumzi.

Walipiga wimbo wa kwanza. Ukaisha. Kila mtu akatazama pembeni. Wakaurudia, ukawa baridi zaidi. Mara ya tatu ulikokota kama mgonjwa anayepelekwa chooni, na hapo najua ninachosema. Papa akalaza gitaa mapajani.

"Bon," akasema taratibu. "Mukono imekufa mbele hata daktari aiguse. Donc, tuache tu."

Mon père aliishusha harmonika. Mimi nilikuwa na mwiko mkononi na machozi yananitoka wazi wazi. Lakini binti hakuwa akitazama mkono. Alikuwa na vile vidude vya masikioni, ameinama, anaitazama maikrofoni ya chini, ile ya kwenye ubao.

"Papa, hii ya chini haileti kintu. Bilato yako ya kuimbia iko wapi?"

"Tiens," akasema mon père. "Ile tok-tok niko naitafuta toka majira ya baridi. Nilizani ni masikio yangu ndio imekufa."

Bilato kwao ni viatu. Papa akaitazama miguu yake iliyovaa sufu. Kisha, polepole, watu watatu wakanigeukia mimi.

"Nilivipeleka Midi," nikasema.

"Kuvitengenezesha?"

"Kuvigawa, papa. Usije ukaanguka."

Papa akaugonga ubao kwa ile sufu, hakuna kilichosikika. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Maman," akasema, "umepeleka mupiga ngoma wangu ku soko."

Ndipo nilipoelewa. Miezi yote ile walikuwa wakipiga Alhamisi bila kile kisigino, kila mmoja akidhani ni uzee wake, na mimi napita katikati yao na chai, nafurahia ukimya.

Nilitoka mbio hata mwiko sikuuweka. Niligundua niko nao nilipofika kwenye metro Simonis, nikaenda nao mpaka Midi, nimekaa na kitenge cha sherehe na mwiko wa mbao, na hakuna aliyeniuliza kitu. Brussels wamezoea mengi. Muuza mitumba alinikumbuka. Viatu vile, akaniambia, vilikaa mezani robo saa tu. Aliyevichukua alivivaa pale pale akaondoka akivigonga kwenye mawe, mwenye furaha zake. Nilimshukuru kwa taarifa ambayo sikuihitaji. Nikajaribu viatu vingine kumi kwa kuvigonga mezani, na vyote vilikuwa soli za mpira. Dunia nzima imejaa watu kama mimi.

Ninakaa karibu na stesheni, na adhuhuri ilikuwa imeingia. Nikasema nipande nyumbani niswali kwanza, maana aliyempotezea mzee viatu ana mengi ya kuomba. Nikaingia bafuni kutawadha, nikavaa mitalawanda ya mama.

Hivyo ni viatu vya mbao, kila kimoja kina kijiti cha kubana kwa vidole, basi. Mama alichongewa na fundi wa Ujiji na alivivaa nyumbani kwetu Buyenzi, Bujumbura, maisha yake yote, kwenda kutawadha na kurudi. Alfajiri sisi watoto hatukuamshwa na jogoo wala adhana. Tuliamshwa na mitalawanda uani, na hatua ya tatu ikisikika, ambaye bado amelala alikuwa anatafuta shati. Mama alipofariki sikuweza kwenda kumzika; karatasi zangu zilikuwa bado. Shangazi alinitumia hivyo viwili.

Ghorofa ya chini yangu anakaa mjane mmoja wa Kibelgiji ambaye haipendi ibada yangu. Nikipiga hatua, yeye hugonga dari kwa mpini wa ufagio. Siku ile nilipiga hatua mbili, ko, ko, naye akajibu, du. Ko, ko. Du. Nikasimama na maji yananitiririka viwikoni. Nikapiga tena, kwa makusudi. Akajibu, sawia kabisa. Nilicheka mpaka udhu ukawa na mashaka, nikaanza upya.

Nilifika Koekelberg nahema, mitalawanda ndani ya mfuko wa plastiki. Papa alivigeuza huku na huku.

"Ni ya mama yangu," nikasema.

"Alikuwa na mukolo ya mutoto," akasema, kwa heshima, akikipima kimoja kwenye mguu wake. Yeye alikuwa anavaa namba arobaini na nne. Vidole viliingia, kijiti kikashikwa, kisigino chote kikabaki nje kinaning'inia. Mwalimu wangu wa huduma za wazee angezimia. Nilitoa sharti moja: hasimami mtu. Nikachuchumaa nyuma, nikakumbatia miguu ya kiti chake kwa mikono yote miwili.

Papa akaupiga ubao mara moja. Mon père akainua kichwa, akatabasamu bila meno ya juu. Mara ya pili, ya tatu, na gitaa likaingia. Mkono ulikuwa ule ule, vidole vimejikunja vile vile, lakini sasa ulikuwa na wa kumfuata. Walipiga nyimbo tisa hadi jua linashuka, wakisimama tu kengele zilipolia. Katika wimbo wa sita mon père alipotea kabisa akazunguka peke yake kama kuku, na mimi nikaangua kicheko kule chini ya kiti. Binti alitaka kukifuta. Papa alikataa, akasema mwenye viatu ana haki ya kusikika.

Kidole kimoja kimenyooka, kingine kimekataa. Papa anajifunza upya kushika kijiko, na gitaa kwa sasa linamngoja. Lakini ile nafasi kwenye rafu imejaa, na jina limeandikwa kwa herufi ambazo hata mon père anazisoma.

Mitalawanda alinirudishia imefungwa kwenye gazeti, pamoja na nakala yangu. Mama hakuacha sauti yake popote, hata kwenye simu. Jumamosi mchana niliweka albamu nyumbani, nikajilaza kitandani, nikapandisha sauti. Kule chini ufagio ukaanza. Nilitaka kucheka, na pengine nilicheka. Ila ubao ulipogongwa mara ya tatu nilikuwa nimeshasimama, natafuta shati.