Jani la Isale Nililofutia Oili

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hata nisipotaka. Nilikuwa fundi wa jenereta katika kiwanda kidogo cha maziwa kule Themi, kijana mwenye nguvu na kichwa kikubwa. Miaka ile umeme ulikuwa wa mgao. Ukikatika, maziwa yote ya akina mama wa huku Meru yalinitegemea mimi. Meneja mwenyewe alikuwa akiniita "mkubwa," nami nikaamini.

Basi mwenzangu Aminieli, fundi umeme, Mchaga kama mimi, tuliyekula naye sahani moja kwa miaka sita, akasimama kwenye kikao cha wafanyakazi. Akasema tufunge sola juu ya paa, jenereta libaki kwa siku za mawingu.

Nilimjibu kwa dharau. "Mwezi wa sita na wa saba hapa jua tunalisikia tu. Utapooza maziwa kwa maombi?"

Watu wakacheka, nikaona nimeshinda. Hoja ya mawingu ilikuwa na ukweli, sikatai, lakini siyo iliyokuwa ikiniuma. Nilikuwa naogopa. Niliona sola ikipanda paani na mimi nikitoka getini na mkoba wangu wa spana. Hilo sikumwambia mtu. Badala yake nikaacha kumsalimia Aminieli, kisha nikaanza kunong'ona kwamba ana chake kwa wauza sola. Ulikuwa uongo mtupu. Niliutunga mwenyewe nikinywa chai ya saa nne.

Ukamfikia. Asubuhi moja akaja chumba cha jenereta na wenzetu watatu, ameshika jani la isale, mmea tunaoupanda mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya ukoo kule Kilimanjaro. Kwetu, mtu akikuletea isale ugomvi umekwisha. Hata aliyeuliwa ndugu hulipokea. Na hapo aliyekosewa alikuwa yeye! Bado alikuja.

"Mangi," akasema, akiniita kwa jina la heshima la kwetu, "kama nilikuudhi pale kikaoni, yaishe. Tukae tuongee hii sola, mimi na wewe."

Nililichukua jani. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikakifuta kwa lile jani, nikalitupa kwenye ndoo ya matambara. Safari hii hakuna aliyecheka. Aminieli aliitazama ndoo, akatoka. Mwezi uleule akaacha kazi, maana uongo wangu ulikuwa umeshafika ofisini na kila mtu alimtazama kwa jicho la pembeni.

Sola ilifungwa hata hivyo. Ndipo meneja akanionyesha pendekezo aliloliandika Aminieli kwa mkono wake. Jambo la kwanza kabisa, kabla hata ya kununua paneli, mimi nipelekwe kujifunza kuzitunza. Jina langu lilikuwa juu ya karatasi. Ndilo alilotaka tukae tuongee. Nilikwenda nikajifunza, nikazitunza paneli zile mpaka nikastaafu. Nimewasomesha watoto wangu kwa kazi niliyoombewa na mtu niliyemfukuza.

Mwaka jana nilichuma isale nikaenda kwake Moshono. Nilimkuta uani, ana mvi kama mimi. Alilipokea kwa mikono miwili.

"Nimelipokea, maana isale haikataliwi," akasema. "Sasa nenda."

Hakunipa kiti. Nimesamehewa, mwanangu, na rafiki sina. Uchungu huo sijui niupeleke wapi.

Sasa nasikia huko karakana yenu ya Sakina mmegawanyika kwa ajili ya hiyo hiyo sola, na wewe umeacha kuwasalimia wa upande wa pili. Usianze kunieleza habari za mawingu na betri. Hizo nazijua kuliko wewe. Kaeni chini, na kila mmoja aseme anaogopa nini kabla ya kusema anapinga nini. Mimi ningesema neno lile moja, wangenionyesha ile karatasi siku ileile. Ukizidiwa kwa hoja, nyamaza, usilichafue jina la mwenzako. Na akija kutaka mpatane, weka spana chini, futa mikono kwa tambara, mpokee.

Mungu akujalie kinywa chepesi cha kusema "naogopa." Akupe maisha marefu, na siku utakapokuwa mzee kama mimi, ubishe hodi kwa uliyefanya naye kazi, akuambie, "Karibu, kaa."