Sufuria Nyepesi ya Bwana Afisa

Juzi pale Gungu nilimkuta afisa wa serikali akimshauri fundi anayeyeyusha alumini chakavu kutengeneza sufuria.

"Mzee, punguza unene. Utaokoa mkaa na malighafi, na bei yako itashindana na ya viwandani."

Fundi alimpa mama mmoja, mteja wake, sufuria nyembamba aliyojaribu kuitengeneza wiki hiyo. Mama akaiweka chini, akaibana kwa nyayo, akatoa mwiko kapuni na kusonga ugali usiokuwepo. Sufuria ikamponyoka, ikabingirika hadi miguuni kwa afisa.

"Baba, nikisonga ugali wa muhogo, utakuja kunishikia?"

Sina ugomvi na sera ya kubana matumizi. Lakini kabla ya kuondoka, bwana huyo alimchagulia mkewe sufuria. Alizipima moja moja mkononi, akachukua iliyo nzito kuliko zote.