Biriani Kwenye Maji ya Kunywa

Ijumaa tukiwa hatuna zamu, sisi Wahindi wa Kerala tunaofanya kazi mjini Nizwa hukodi basi, na Sosamma hutupeleka kuona nchi. Ngome, vilima vya mchanga, mabonde yenye maji, vyote anavijua yeye. Ni muuguzi, kaishi Oman tangu nywele zake hazijaanza kupakwa rangi, na ukimuuliza jambo hujibu kabla hujamaliza. Tunamsengenya, na bado tunamfuata.

Ijumaa hiyo ilikuwa zamu ya kijiji kimoja cha mlimani, mfereji wa maji ukipita katikati ya mitende. Tulikula biriani mpaka tukalegeza mikanda. Kisha Sosamma akabeba sufuria kubwa, akapanda nayo hadi juu kabisa, maji yanapoingilia kijijini. Mofiz, Mbangladeshi anayetunza mitende, akatupa jembe akamkimbilia.

"Dada, hapo sipo! Hapo watu wanateka ya kunywa. Vyombo vinaoshwa kule chini, ukishapita msikiti."

"Toka hapa! Wewe umekuja juzi, utanifundisha mimi Oman?"

Tukaangua kicheko wote. Akaiosha palepale, mafuta ya manjano yakateremka na maji.

Hata hatujafunga virago, Bi Zuwaina, mwenye shamba lile la mitende, akatuita kwake. Hatukuwa tumemwomba, ndivyo walivyo watu wa huko. Akatuwekea tende, halwa na kahawa. Mara mkwewe akaingia na ndoo, akasema mafuta yanaelea kwenye maji. Bi Zuwaina akamwita Mofiz, naye akaja akasimama mlangoni mbele yetu sote.

"Huna masikio wewe? Nimekukanya mara ngapi usioshe masufuria yako kule juu? Rudia tena uone, utafungasha urudi kwenu!"

Mofiz alimtupia Sosamma jicho mara moja, akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama."

Sosamma akashusha kikombe kabla hakijafika mdomoni. Sijapata kumwona hivyo, mwanamke yule wa majibu. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akakitua kikombe.

"Mama, si yeye. Ni mimi niliyeosha. Na alinikataza."

Aibu ikatuingia sote, kila mtu akaona afadhali atazame zulia. Bi Zuwaina ndiye aliyecheka, kicheko cha mwenyeji asiyetaka mgeni wake afedheheke, akamjazia kahawa tena.

"Aa, mwanangu, basi tu! Mgeni hana kosa. Maji yatapita hayo. Kula halwa."

Mofiz hakuambiwa neno. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mofiz naye katoka mbali kama sisi, ila yeye jembe alipewa siku ileile ya kwanza. Akavaa ndala zake, akaenda.

Sosamma hakuionja halwa. Aliaga, akapanda juu mferejini, nami nyuma yake. Tulimkuta Mofiz kapiga magoti, anaengua mafuta kwa kopo, kidogo kidogo, anayamwaga kwenye mchanga.

"Kaka, nimekukosea," Sosamma akasema. Akajikunja, akanyoosha mkono. "Nipe hilo kopo, nifanye mimi."

Mofiz hakugeuka.

"Acha, dada. Wewe mgeni. Nenda, basi linakungoja."