Mshika Shuka

Katika ukoo ule picha za kujipamba hazikuwa na nafasi ukutani. Ukitaka kutundikwa sebuleni, upigwe ukiwa kazini, chombo chako mkononi. Babu mhunzi yuko pale na nyundo yake. Mwanawe seremala na randa, mke wa seremala na cherehani, na chini yao mjukuu mchomelea vyuma, kifua mbele, utadhani yeye ndiye aliyevumbua moto.

Nyuma ya kila mmoja kuna shuka jeupe. Mhunzi ndiye chanzo. Picha yake ya kwanza ilipigwa kwenye karakana iliyojaa masizi, yakatoka macho na meno tu, nyundo imemezwa na giza. Mkewe akapandwa na hasira, akavua shuka kitandani, akaamuru picha irudiwe. Tangu hapo hapigwi mtu bila shuka nyuma.

Lakini shuka halisimami lenyewe. Tangu zamu ya seremala, aliyelishika ni binti yake, Mlingoti. Walimwita hivyo kwa urefu wake, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye cheti. Kazi yake ni udobi, hapohapo sebuleni: meza moja, pasi moja ya mkaa, nguo za watu zimejaa kambani. Siku ya picha alilinyoosha shuka, akaliinua juu ya kichwa chake, akapotelea nyuma yake. Ukisogea karibu na picha utaviona vidole vyake, vimebana ukingo kama vibanio vya kuanikia nguo.

Yeye hakuwa na picha. Mpiga picha alikuja kwa ajili ya mwingine kila mara, naye Mlingoti alisema, "Yangu siku nyingine. Kwani mimi naenda wapi?"

Sasa alikuwa anaacha kazi. Daktari alisema kifua chake hakitaki tena moshi wa mkaa, na mwisho wa juma pasi ilikuwa inakwenda kwa jirani. Sheria ya ukuta nayo ni kavu: aliyekwisha kuweka chombo chini, hapigwi. Mlingoti aliijua nafasi ile iliyobaki chini ya picha ya mama yake. Kila akifagia, macho yake yalipanda yenyewe. Lakini kuomba? Angetafuna mkaa kwanza.

Juma hilohilo akaingia kinyozi, binti wa kaka yake, amefungua kibanda mtaa wa pili. Nyuma yake mpiga picha, na baba yake, yule mchomelea vyuma. Walikuja kumchukua Mlingoti na shuka lake.

"Shangazi, shuka liko wapi?"

"Kwenye kapu, sijalipiga pasi. Na wewe mtoto wa kike kushika videvu vya wanaume, huogopi?"

"Waogope wao, wembe ninao mimi."

Mlingoti akacheka mpaka kikohozi kikamshika, kikamkunja juu ya meza. Binti akawa anamsugua mgongo, macho yakiwa ukutani.

"Hivi vidole ni vyako?"

"Vya nani tena, vya malaika?"

"Ukiacha ya mhunzi, upo kwenye picha zote. Baba, na yako pia! Uso wake hauko hata kwenye moja."

Mchomelea vyuma akajikuna kisogo. "Hakuwahi kusema."

"Na wewe hukuwahi kuuliza. Shangazi, pasi inaondoka lini?"

"Keshokutwa," alisema Mlingoti, akijifanya anapuliza mkaa.

"Basi mimi nitangoja, ndevu zinaota kila siku. Leo anapigwa shangazi. Baba, shika shuka."

"Mimi? Kwa kimo hiki?"

"Panda kiti."

Akapanda, kiti kikalalamika. Mlingoti akasimamishwa kando ya meza, pasi ya moto mkononi. Hakujua mtu akitazamwa uso anauweka wapi. Akaambiwa atabasamu, tabasamu likagoma. Akageuka nyuma, kwa mazoea tu, kuangalia kama ukingo umenyooka.

"He! Kaka! Ndiyo nini hii? Limekunjamana kama uso wa aliyelamba ndimu!"

"Dada, tulia bwana, tunapiga picha."

"Na shuka hili? Watu waseme dobi alikuwa amelala? Lete hapa!"

Akamnyang'anya, akalitandaza mezani, akanyunyiza maji, akakandamiza pasi. Kiwiko juu, shingo mbele, mvuke usoni, amesahau kama chumbani kuna watu. Mpiga picha hakungoja kuambiwa. Akabonyeza.

Ndiyo hiyo iliyotundikwa. Haina shuka nyuma, maana liko mezani, nusu limenyooka, nusu bado. Kwa hiyo nyuma yake unaonekana ukuta wenyewe: mhunzi, seremala, mama na cherehani yake, wamemsimamia wote. Na pembeni, juu ya kiti, kaka mtu, mikono bado iko hewani, ameshika upepo.

Wiki iliyofuata zamu ilikuwa ya kinyozi, kibandani kwake. Mlingoti alikaa kwenye kiti cha wateja, miguu mirefu ameikunja, mikono mapajani, hana hata kitambaa cha kushika. Kaka yake alikuwa nyuma ya shuka, juu ya kreti la soda, akihema.

"Pandisha kushoto," Mlingoti akamwambia. "Kushoto, nimesema! Na vidole viache vionekane."