Feni ya Nini Njombe?

Mimi si mtu wa kushindwa bei. Sokoni wauza viazi wananifahamu, na wapo wanaogeuza uso wakiniona naja na kikapu. Kwa hiyo nilipopata mtandaoni duka moja la Dar es Salaam linalokuundia kompyuta ya mezani kwa vipande unavyochagua mwenyewe, nilijua nimefika mahali pangu.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kwa ajili ya baba. Baba alikuwa katekista miaka mingi, na alipopumzika kazi alijaza madaftari manne kwa kalamu ya bluu, akayapa jina Mambo Niliyoyaona. Daftari moja zima linahusu ulanzi: mianzi inavyokatwa, pombe inavyogemwa, nani alilewa kwenye harusi ya nani. Ukimuuliza katekista ameyajuaje hayo yote, anajibu kwamba aliona tu.

Kisha akapata presha ya macho. Daktari alitueleza bila kuzunguka kwamba uoni uliopotea haurudi, na kwamba uliobaki utaendelea kupungua, dawa au si dawa. Mwandiko wake mwenyewe ulikuwa umeshamshinda. Baba hakulalamika. Alisema anataka jambo moja tu, akisome kitabu chake kwa macho yake kabla hayajamwacha. Nikamwahidi kwamba nitakichapa chote na kumwekea kwenye skrini kubwa, kwa herufi za ukubwa wowote atakaoutaka.

Basi jioni moja ya mwezi wa sita tuliketi nyumbani kwangu, mtaa wa Ramadhani, jiko la mkaa miguuni, tukaanza kuchagua. Ukurasa ule ulikuwa na orodha ya vipande, na chini yake bei. Ukiongeza kitu, bei inapanda. Ukiondoa, inashuka hapo hapo. Baba aliposikia hivyo alifurahi sana, akasema kumbe muuzaji huyu ni mwelewa, hana maneno mengi kama wale wa sokoni. Nikasoma kwa sauti, "Chagua RAM." Akasema wanatufahamu, Ramadhani wameifupisha.

Tukaendelea kupunguza. Kulikuwa na taa za rangi saba za kuwaka ndani ya kasha, baba akauliza kama tunanunua kompyuta au tunafungua baa. Nikaziondoa. Halafu tukafika kwenye feni za kasha, tatu. Nilimtazama baba. Alikuwa amevaa koti juu ya sweta, kofia ya sufi imeshuka mpaka kwenye nyusi, na shuka la kimasai begani.

"Feni ya nini Njombe?" aliuliza.

Nikaweka sifuri. Chini yake kulikuwa na feni nyingine tena, hii ya kupoza prosesa. Nikajisemea kwamba watu wa Dar na joto lao wanataka kutuuzia feni mara mbili. Sifuri. Bei ikaporomoka, nami tofauti yote nikaihamishia kwenye skrini. Nililala nikiwa nimejipenda sana usiku ule.

Kesho yake fundi wa duka alinipigia simu. Kijana mstaarabu, ananiita dada. Alisema ameona nimeondoa feni zote, akauliza kwa upole, "Kwa hiyo dada, ya kupozea unayo huko?"

"Tele," nikamjibu. "Tena ya bure."

Akasema haya, hakuna shida.

Siku chache baadaye nikapata ujumbe kwamba mzigo umeshushwa Makambako, kwa sababu basi lililoupakia linanyoosha kwenda Mbeya. Baba akanipa blanketi lake. Alisema upepo wa Makambako anaufahamu, na chombo kipya kisije kikapata baridi njiani. Nami nilivyo mtoto mtiifu, nikaenda nalo. Katika ofisi ya mizigo karani alinitazama nikilifunika lile boksi vizuri, nikiingiza pindo za blanketi chini yake. Tukasalimiana kamwene, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama ni mgonjwa. Nikasema ni kompyuta. Akasema pole.

Nililifikisha nyumbani salama, na kwa kuwa tunapenda vitu vyetu, tukaiweka meza karibu na jiko. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi iliyokunjwa. Nilidhani ni risiti, nikaisukumia kabatini. Kompyuta ikawaka vizuri. Nikafungua daftari la kwanza na kuanza kuchapa, nami nikikwama kwenye mwandiko namsomea baba nilipofikia, anamalizia sentensi kwa kichwa. Tulifika katikati ya ukurasa wa pili, kompyuta ikazima yenyewe. Nikawasha, ikazima tena.

Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Kwanza niliulaumu umeme. Halafu nikamlaumu jirani mwenye mashine ya kuchomelea mageti. Jirani alikuwa Ludewa kwenye msiba. Siku nzima nilikuwa nawasha, nachapa mistari kumi, inazima, na mistari inapotea. Nilimwona baba anaifikicha mikono. Zile siku zilikuwa zake, na mimi ndiye niliyekuwa nikizimaliza.

Nikampigia fundi nikiwa na maneno yangu nimeyapanga vizuri. Nilimwambia ameniuzia mzigo mbovu, na kwamba sisi wa mikoani si wajinga. Aliniacha nikamaliza, akauliza kama nilifunga feni yangu.

"Feni gani?"

"Dada, nilikuuliza ya kupozea unayo, ukasema tele. Nikaijaribu mashine kwa feni yangu, nikaing'oa, nikakuwekea karatasi kwamba ufunge yako kabla ya kuwasha."

Wanasema kuuliza si ujinga, na kweli yeye aliuliza. Mimi ndiye niliyejibu. Ikabidi nimweleze kwamba nilikuwa namaanisha baridi. Alicheka mpaka akaomba radhi, akaendelea kucheka akiwa anaomba. Kisha akanieleza kwamba kompyuta hupata joto kutoka ndani yake yenyewe, hata ukiiweka juu ya barafu, na kwamba asubuhi atatuma feni kwa basi.

Nilimweleza baba. Nilitegemea acheke, lakini aliuliza feni itafika lini. Nikasema siku tatu, nne.

"Mama," aliniambia, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, "leo nimekuona mlangoni nikadhani ni koti limetundikwa. Toa jiko, fungua dirisha, tuendelee."

Nikatoa jiko. Nikafungua dirisha na mlango, ukungu ukaingia ndani kama mwenye nyumba. Nikalifungua kasha ubavuni, baba akaja na kifuniko cha sufuria, akavuta kiti, akaanza kupepea. Siku tatu tulifanya kazi hivyo. Mzee wa watu, kofia ya sufi, mashuka mawili, pua inachuruzika, anaipepea kompyuta mwezi wa sita Njombe. Kila baada ya muda anaweka kiganja pembeni ya kasha kama anavyoshikwa mtoto mwenye homa, ananipa taarifa: bado, bado, inapanda, pumzika. Majirani waliopita dirishani walitusalimu bila kuuliza lolote, na hilo liliniudhi kuliko kama wangeuliza. Nilichapa kwa vidole vilivyokufa ganzi, nikihifadhi kazi kila baada ya mstari. Daftari la ulanzi lilituchukua siku nzima kwa sababu kila sentensi aliiongezea shahidi mwingine.

Siku ya nne mchana niliweka nukta ya mwisho. Ujumbe ulikuwa umeshaingia kwamba feni ipo Makambako, lakini nilimwona baba alivyoukazia macho ule mwanga wa skrini, nikajua safari ya Makambako itasubiri. Nikarudi ukurasa wa kwanza. Nikazikuza herufi mpaka mstari mmoja ukabeba maneno matatu tu. Baba akaweka kifuniko sakafuni, akasogeza kiti, pua karibu iguse kioo. Akaanza kusoma kwa sauti ile ya kanisani niliyokua nayo, polepole, neno kwa neno: siku aliyotumwa na mama yake kuteka maji akakuta kijito kimeganda pembeni, akadhani kimekufa, akarudi nyumbani kutoa taarifa ya msiba. Alicheka peke yake. Nami nililia, na sikujificha, maana hakuwa ananitazama.

Akasoma kurasa mbili, ya tatu akaianza. Sauti ikakatika katikati ya neno.

Alibaki ameinama vile vile mbele ya kioo, mikono magotini. Aliniambia kwa utulivu, bila kugeuka, "Mama, yamekwenda."

Nilimshika bega. Kisha nikaitazama skrini. Ilikuwa nyeusi. Wote wawili tulikuwa tunasoma, hakukuwa na mtu wa kupepea.

"Si macho, baba," nikamwambia. "Ni kompyuta."

Aliinua kichwa, akautafuta mwanga wa dirisha, akaupata. Alicheka mpaka akakohoa, akajifuta uso kwa ncha ya shuka, kisha akainama kukitafuta kile kifuniko sakafuni. Nikamwahi. Nikawasha kompyuta upya, nikamrudishia ukurasa wa tatu, nikakaa upande wa kasha, nikapepea. Akasoma mpaka jioni.