Nusu Dola ya Harlan na Wazee Watatu Waliofumba Jicho Moja

Mchana kweupe, niliwaona wazee watatu waaminifu wakifumba jicho moja kila mtu, kisha wakisema uongo uleule, mmoja baada ya mwingine.

Na aliyeuleta ule uongo mezani ni mimi.

Naitwa Verna. Mume wangu, Harlan, amekusanya nusu dola za fedha kwa miaka arobaini na moja. Si nusu dola zozote. Anazotaka ni zile za zamani, mihuri ya kugongea sarafu ilipokuwa ikichongwa kwa mkono, kwa hiyo hakuna muhuri uliofanana na mwenzake. Nyota hapa imeinama, tarakimu pale imepanda.

Mwingine akiziona atasema ni sarafu moja tu. Harlan anaona ndugu tofauti.

Za mwaka 1827 alikuwa amebakiza moja tu ambayo hajaipata.

Ndipo macho yakamwacha.

Basi nikawa macho yake. Alinifundisha kama mtoto wa chekechea: anza na nyota ya kwanza, zunguka, kisha geuza utazame tai wa upande wa pili. Aliyokuwa akiitafuta ina ufa mwembamba, kama unywele, kutoka kwenye kofia ya mwanamke aliyechorwa katikati ya nyota hadi nyota ya tisa.

Miaka mitatu nilizunguka maonyesho ya sarafu. Allentown, Harrisburg, hadi Baltimore. Nainama kwenye meza, lenzi jichoni, magoti yanalia. Jioni narudi kupika, kumpa dawa, kumkata kucha.

"Vipi, mama?" ananiuliza kila nikirudi.

"Bado, mzee wangu."

Hilo "bado" ndilo lililonichosha kuliko safari.

Jumatatu moja nikashindwa. Nilinunua nusu dola ya 1827 ya kawaida kabisa, ambayo tayari alikuwa na mwenzake nyumbani. Nikaingia mlangoni nikasema, "Nimeipata."

 Harlan akanyoosha mkono, akaishika, akapitisha kidole gumba pembeni polepole.

"Haya," akasema. "Basi kazi imekwisha. Kaa, vua viatu."

Akaenda mwenyewe jikoni, akipapasa kuta, akaniletea kahawa. Nusu ya kahawa ilikuwa imemwagikia kwenye kisahani. Nikainywa yote.

Nilidhani nimepona. Kumbe!

"Jumamosi tunaipeleka chamani," akasema.



Chama chetu cha wakusanya sarafu hukutana kwenye ukumbi wa zimamoto. Kuna desturi pale: ukipata sarafu adimu, inazungushwa juu ya kitambaa, kila mtu anaitazama kwa lenzi yake, na hakuna anayefungua mdomo mpaka wote wamalize. Kisha kila mmoja anasema alichokiona.

Na Wilbur Hostetter huwa wa mwisho. Alikuwa mpima ardhi. Aliwahi kuikataa sarafu ya kaka yake wa tumbo moja, hadharani, siku ya kuzaliwa ya huyo kaka.

Orrin, kinyozi, alinipokea kwa utani wake. "Shemeji, umependeza! Unamkimbia Harlan?"

"Nikukimbilie wewe na kipara hicho? Afadhali huyu asiyeona makunyanzi yangu."

"Nayakumbuka yote!" Harlan akadakia. Tukacheka.

Sarafu ikazunguka. Orrin akatazama. Clayton, aliyekuwa tarishi, akatazama. Wilbur akakaa nayo muda mrefu mpaka nikasikia saa ya ukutani.

Nikawaza: mzee wangu ataaibika mbele ya rafiki zake, na mwenye kumwaibisha ni mimi.

"Ni yenyewe," Orrin akasema.

"Ni yenyewe," akasema Clayton, macho chini.

Wilbur akaweka lenzi mezani. "Ufa upo. Hongera, Harlan."

Ufa haukuwepo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeitazama mara mia.

Nilimfuata Wilbur nje, kwenye maegesho. "Bwana Wilbur, asante. Mungu akulipe kwa kumdanganya mume wangu."

Akanikodolea macho. "Kumdanganya nani?"

"Harlan."

Akavua kofia, akaivaa tena. "Shemeji, Harlan alitupigia simu wote Jumanne. Alisema, 'Verna ataleta nusu dola ambayo siyo. Magoti yake yamekwisha, na hataacha kutafuta mpaka aamini nimeridhika. Nawaombeni mseme ndiyo, apumzike.'"



"Alijuaje?"

"Anasema wewe ukiona hata mkwaruzo unamsimulia mpaka chakula kinapoa. Siku hiyo ulisema neno moja tu." Akajikohoza. "Sijawahi kusema uongo juu ya sarafu, shemeji. Usinizoeshe."

Nikarudi garini. Harlan alikuwa amefunga mkanda, bahasha ya sarafu magotini.

"Umechelewa," akasema.

"Nilikuwa namuaga Wilbur."

"Mzima?"

"Mzima."

Nikawasha gari. Mpaka leo hatujaambiana ukweli.

Nawaandikia ninyi mnaouguza watu wenu: ukichoka, sema. Mimi nilijifanya chuma, ikabidi mgonjwa wangu apige simu tatu, na mpima ardhi wa miaka themanini atie doa jina lake, ili tu mimi nivue viatu.