Sanduku la Baba Nyuma ya Mlango

Baba alitoka Hadhramaut, ng'ambo ya bahari, akiwa kijana mwembamba, na tangu afungue duka la nguo Garissa, kila mwaka alisema mwakani anarudi kwao. Mwaka wenyewe haukufika. Sanduku lake la bati lilikaa nyuma ya mlango, limefungwa tayari, na kila baada ya Idi alilitoa barazani aanike nguo zisiliwe na nondo. Siku hiyo Mama, Msomali wa hapa hapa, hakusema na mtu. Aliogopa kwamba mara hii ni kweli. Nami niliogopa naye, maana Mama akinuna hata chai hukosa sukari.

Wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa mpakani, mwenye akili hakuonekana hata na kikapu kilichojaa. Askari walikuwa wakisaka wanaowapelekea shifta chakula na nguo. Baba, kichwa kigumu kuliko jiwe la kusagia, Idi ilipopita akatoa sanduku.

"Mzee, unahamia wapi?" akauliza afande wa doria.

"Kwetu. Hadhramaut."

"Iko ng'ambo ya Liboi, kule mpakani?"

Baba hakujua kudanganya. "Ng'ambo sana."

Bunduki zikainuka. Afande akasema hizo ni nguo za shifta. Kama ni zake, azivae. Zisipomwenea, atapanda lori la mahabusu.

Zilikuwa nguo alizokuja nazo, kabla hajaonja wali wa Mama. Kanzu ilikwama mabegani. Akavuta pumzi, akasukuma, mshono ukapasuka hadi kiunoni. Nilicheka, Mungu anisamehe.

Jirani yetu muuza maziwa ya ngamia akatokea na kibuyu chake. "Wallahi, afande, huyu mzee iko nasafiri tangu mimi naolewa! Sasa mimi iko na wajukuu tano, yeye bado iko haba Garissa. Hata daraja ya mto hajafuka!"

Askari wakaangua kicheko. Afande hakucheka. "Sema mbele ya watu, mzee. Unaenda au huendi?"

Baba akamtazama Mama, kanzu ikimning'inia.

"Siendi," akasema. "Nimezeekea hapa. Siendi tena."

Afande akaamuru bunduki zishushwe, akaenda zake. Mama akalia kwa sauti, mtaa mzima ukasikia. Baba alidhani analilia kanzu, akaahidi kuishona.

Asubuhi alilitafuta sanduku nyuma ya mlango, akalikuta jikoni. Mama alikuwa amelijaza unga na kulikalia, akipepeta mchele. Baba akachukua uzi na sindano, akaketi kando yake kushona kanzu. Hakumwambia ainuke.